Fizikia ya Watu Wawili

Kwa miaka miwili nilifundisha darasa la mwanafunzi mmoja. Nikisimulia hivyo, watu huniambia nilikuwa na bahati, kazi yenyewe nyepesi, daftari moja tu la kusahihisha. Mimi huwaacha waseme. Hawajawahi kusimama mbele ya viti vitupu wakauliza swali, huku wakijua fika kwamba atakayejibu ni yuleyule aliyejibu jana, na asipojibu yeye hakuna mwingine.

Ilikuwa miaka ya tisini, katika shule ndogo ya wasichana juu ya vilima, upande wa Kangundo. Mimi ni mzaliwa wa Machakos mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, duka lake hatua chache kutoka msikitini, na nyumbani tulizungumza Kiswahili tangu enzi za babu aliyepanda kutoka pwani na biashara yake ya vitambaa. Kikamba nakisikia chote, maana nimecheza nacho barabarani tangu utotoni. Lakini walimu wenzangu pale shuleni walikuwa na adabu inayouma kuliko ufidhuli. Watakuwa wamekaa wanapiga gumzo lao la Kikamba, wanacheka mpaka machozi yanawatoka, mimi nikiingia wanahamia Kiswahili kwa heshima yangu. Kiswahili chenyewe hakikuwafikisha mbali. Baada ya sentensi mbili kuhusu mvua, kila mtu aligeukia daftari lake. Niliwaambia mara ngapi sijui kwamba nasikia, waendelee tu. Wakasema hapana, hawataki nijione nimetengwa. Basi nikakaa hivyo, nimeheshimiwa peke yangu kwenye pembe ya meza.

Nilikuwa na nyumba ya mwalimu nyuma ya shule, vyumba viwili na jiko la nje. Ndoa yangu ilikuwa imevunjika mwaka mmoja kabla, bila ugomvi wa kusimuliwa. Mume alianza kuchelewa, kisha akaanza kutokuja, kisha ikaja talaka kwenye bahasha. Nikishuka mjini Jumamosi, shangazi zangu walinipokea kwa nyuso za matangani na kuniuliza kama nakula. Nikaacha kwenda kila wiki. Nikaanza kwenda mara moja kwa mwezi, halafu sikukuu tu. Nilikuwa mpweke, na sioni haja ya kulizungukazunguka neno hilo. Kuna Jumapili nilifungua kinywa jioni kumwita paka wa jirani, sauti ikatoka imekwaruza, nikatambua kwamba tangu Ijumaa sikuwa nimesema na mtu.

Fizikia haikupendwa pale. Wasichana waliambiana kwamba ni somo la wavulana na la kuharibu alama, na mwalimu mkuu alikuwa na imani hiyohiyo ingawa hakuitamka mbele yangu. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa kanisa, mwalimu wa somo la dini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule ya kuendesha, na kila mwaka wastani wa shule yake ulisomwa kwenye mkutano mbele ya wakuu wengine wenye shule kubwa kubwa. Wanafunzi walichagua masomo yao mwishoni mwa kidato cha pili. Mwaka huo nilipopewa orodha, niliipitia mara mbili nikidhani nimeruka ukurasa. Msichana mmoja tu alikuwa ameandika fizikia.

Nilimwendea mwalimu mkuu kabla hajaniita. Nilimwomba, na mimi si mtu wa kuomba. Nilimwambia nitachukua vipindi vyote vya hesabu atakavyonipa, na huyo mmoja nitamfundisha juu ya hivyo vyote. Alifunga faili lake.

"Sawa, Mwalimu," akasema. "Huyo msichana akipita vizuri, fizikia itabaki na mwaka ujao nitawahimiza wengine. Akianguka, tutalifunga hilo somo na tusisumbuane tena."

Basi ikawa hivyo. Somo zima likawekwa juu ya mabega ya mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe nilimwambia siku ya kwanza, kwa kuwa sikuona sababu ya kumficha.

Yeye naye alikuwa na lake. Baba yake alikuwa na kahawa kidogo na migomba kwenye mteremko wa pili kutoka shuleni, na miaka michache nyuma walikuwa wamekuja watu wa kupima ardhi kwa ajili ya kuwagawia ndugu shamba la babu. Alimwona mpimaji, sovea kama walivyomwita, akichungulia kwenye ile darubini yake ya miguu mitatu, akaandika tarakimu, na watu wazima waliokuwa wakitoleana mapanga wakanyamaza kumsikiliza. Tangu siku hiyo alitaka kuwa sovea. Alikuwa ameulizia mwenyewe na kuambiwa kwamba chuo hakimchukui mtu asiye na alama nzuri ya fizikia. Alikuwa msichana mkimya, mabega mapana ya kubeba maji, anakuja shuleni kwa miguu na kurudi kwao kila jioni. Darasani aliketi mstari wa nyuma mpaka nikamfokea asogee mbele, nisije nikapaza sauti kama mhubiri wa sokoni kwa ajili ya mtu mmoja.

Tulipofika kwenye mawimbi ndipo nilipoanza kukosea, nami sikujua.

Shule ilikuwa na springi moja ndefu, imepinda katikati kwa sababu mtu fulani kabla yangu aliivuta kupita kiasi. Niliilaza sakafuni pale maabara, nikamwambia ashike upande huu, mimi nikaenda upande ule. Nilikuwa nimefunga uzi mwekundu katikati. Akatikisa mkono, tuta likakimbia kwenye springi mpaka likagonga kiganja changu, na ule uzi ukayumba kulia na kushoto na kubaki palepale ulipokuwa. Akatikisa tena. Alirudia mara nyingi, macho kwenye uzi, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sasa ni nini imefika kwako? Uzi haijatoka."

Kwa miaka yote niliyofundisha sura ile, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia kilichofika ni nguvu ya mkono wake, waya wenyewe umebaki ulipo. Akatabasamu, nadhani kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatikisa kwa nguvu zaidi makusudi ili nishtuke. Nami nikashtuka.

Kitabu kilisema mwisho wa pili wa springi ufungwe kwenye msumari ukutani, mwanafunzi afanye peke yake. Msumari ulikuwepo. Nilisoma sentensi hiyo usiku kabla ya somo, na kesho yake sikuufunga.

Kisha ikaja zamu ya beseni la mawimbi. Hilo ni sinia la kioo lenye maji kidogo, juu mwanga, chini karatasi nyeupe, na ukigusa maji vivuli vya mawimbi vinatembea kwenye karatasi. Shule haikuwa nalo. Kioo nilipata kwenye dirisha la stoo, fremu nikaifuata Wamunyu kwa wachonga vinyago, maana niliambiwa hao ndio wanaojua kuunganisha mti usivuje. Nilimchorea mmoja wao nilichotaka: pembe nne, miguu minne, basi. Niliporudi baada ya wiki mbili nikakuta fremu nzuri mno, na kuzunguka ukingo wote twiga wamepangana mkia kwa pua. Nilimwambia sikuagiza mapambo, hii ni kazi ya sayansi. Akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba mbao tupu ni kazi ya seremala, na yeye si seremala. Nikabeba twiga wangu nikaenda zangu.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Tangi la shule lilikuwa limeshuka hata ukiligonga linalia kama ngoma, na kila msichana alipimiwa maji ya kuoga kwa kopo. Kuomba maji ya kuchezea, kama mpishi alivyoyaita, kulinifanya niitwe majina jikoni. Tulikubaliana niyarudishe baada ya somo, apigie deki. Yule msichana akatumwa kuyaleta, na mimi nikawa nafunga karatasi. Nilipogeuka alikuwa amejaza beseni hadi ukingoni, anasubiri sifa. Nilimwuliza kwa ukali kwani hakusoma kitabu, maji yanatakiwa yawe kimo cha kucha tu, vinginevyo vivuli havionekani. Baadaye ndipo aliponieleza kwamba kwao mtu akikuomba maji humpi nusu, na wakati wa kiangazi ndiyo usithubutu kabisa, atadhani unamnyima. Nilijisikia vibaya lakini sikumwomba radhi. Mimi na kuomba radhi hatujawahi kuelewana.

Tulipoyapunguza, jua la saa nane likaingia dirishani na mistari ikaanza kutembea juu ya karatasi, mviringo ndani ya mviringo. Somo lililofuata lilikuwa la mawimbi mawili kukutana. Kitabu kilitaka waya wenye ncha mbili utikiswe na mtu mmoja. Mimi nikasema tutumie vidole, chake na changu. Ilibidi tuguse maji kwa mwendo mmoja, tukipishana hata kidogo picha inavurugika. Siku ya kwanza tulihesabu kwa sauti, moja mbili, moja mbili. Kufikia wiki ya tatu hatukuhesabu tena. Tulikaa pande mbili za lile beseni, vidole vinapanda na kushuka pamoja, na kwenye karatasi ikatokea ile mistari ya ajabu ambapo maji yametulia tuli, kwa sababu wimbi lake na wimbi langu yamefutana. Aliichora yote kwa penseli, kwa mkono wake wa pili.

Wanafunzi wengine walimcheka. Walituita wendawazimu wawili, hasa tulipoanza kwenda kwenye mwamba. Nyuma ya shule, ukivuka shamba moja, kuna ukuta wa jiwe uliosimama wima, na ukipiga kelele mbele yake unajibiwa. Tulipima umbali wetu na ukuta kwa kamba ya katani, tukasimama. Yeye alikuwa na vipande viwili vya mbao, mabaki niliyopewa na yule mchongaji, mimi nikawa na saa. Kazi ilikuwa kugonga zile mbao kwa mwendo ambao kila pigo linaangukia juu ya mwangwi wa lile lililotangulia, mpaka usiusikie tena mwangwi, kisha kuhesabu mapigo hamsini na kusoma saa. Hapo unapata mwendo wa sauti hewani, bila chombo chochote cha maana. Mara ya kwanza jibu letu lilikuwa baya. Nikagundua anaanza kuhesabu na moja badala ya sifuri. Nilimfokea. Akasema, "Lakini Mwalimu, hiyo ya kwanza mimi nimeigonga. Siwezi kusema ni sifuri na nimeigonga." Nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye nyasi.

Wakati tukiwa pale mama mwenye shamba alikuja na jembe lake begani kutuuliza tunafukuza ndege wa nani. Kwa Wakamba mtu akisimama shambani anagonga mbao ovyo, anafukuza ndege kwenye mtama, na yule mama hakuwa na mtama mwaka huo, alikuwa na mahindi, tena yamekauka. Tulimweleza kwamba tunapima mwendo wa sauti. Alitusikiliza kwa makini, akamwambia msichana kwa Kikamba kwamba amwangalie vizuri mwalimu wake, jua lilikuwa kali. Nilisikia, nikajitia hamnazo.

Mafunzo hayo yalikuwa Alhamisi mchana, vipindi viwili pamoja. Nilianza kuhesabu wiki kwa Alhamisi. Jumatano usiku nilikuwa napanga nini kitahitaji mikono minne. Nakwambia kweli, ndivyo nilivyokuwa nikipanga: nilikipitia kitabu, na jaribio lililoandikwa kwa mtu mmoja nilitafuta namna ya kuligeuza liwe la wawili. Niliita hivyo ualimu. Mwezi wa nne na wa nane shule ilipofungwa, nilikaa kwenye nyumba yangu nikifuta vumbi kwenye lile beseni la twiga, nikamkumbuka yule mtoto kuliko nilivyomkumbuka aliyekuwa mume wangu. Sikuwa na mtoto wangu. Labda ni hilo, labda si hilo. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyeshika upande wa pili wa kitu nilichoshika mimi, na sikutaka aache.

Mwaka wa mwisho tulifika kwenye mrija wa sauti. Jaribio lenyewe ni jepesi. Una jagi refu la maji na mrija wa plastiki ulio wazi pande zote mbili. Unauzamisha mrija, unagonga uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili kinachoimba ukikigonga, unaushikilia juu ya mdomo wa mrija, kisha unaupandisha mrija polepole. Mahali fulani sauti inavimba ghafla, inajaa chumba. Hapo unasimama na kupima urefu wa hewa iliyo ndani. Sisi tulifanya hivi: yeye anagonga na kusikiliza, mimi nimekaa kushotoni kwake napandisha mrija. Akitingisha kichwa, nasimama. Mimi nashika bila kupumua, yeye anapima kwa rula na kuandika. Tulikuwa wepesi ajabu. Uma sita tulizimaliza kabla kengele haijalia, na majibu yake yalikuwa safi hata nikajivuna chumba cha walimu, kwa watu ambao hawakujua ninazungumzia nini.

Siku moja alipokuwa akirudisha vyombo kabatini alitoa stendi. Ni fimbo ya chuma iliyosimama juu ya kitako kizito, na makucha yenye skurubu tatu. Tulikuwa nazo mbili, hazikuwa hata na kutu. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kubania mrija usiteleze. Akaiangalia, akaanza kuzungusha skurubu moja kujaribu, akasema basi wacha aijaribu wiki ijayo.

"Irudishe," nikamwambia. "Mimi nitashika."

Akairudisha. Alikuwa mtoto mtiifu.

Mtihani wa vitendo ulipokaribia, barua ya siri ya vifaa ilikuja kama ilivyo kawaida, inayomwambia mwalimu wa somo aandae nini mezani. Niliifungua asubuhi ileile tuliyoruhusiwa. Jagi, mrija, rula, uma sita. Stendi moja. Nilirudi kuisoma ile stendi, kisha nikajipa moyo kwamba ni msichana mwerevu, na karatasi itakuwa na mchoro. Nilivipanga vitu vyote vizuri. Niliifuta ile stendi kwa kitambaa. Kanuni ni kwamba mwalimu wa somo hakanyagi chumba cha mtihani, wala haongei na mtahiniwa, kwa hiyo nilitoka, nikaenda kuketi kwenye benchi nje ya ofisi, ng'ambo ya kijia. Madirisha ya maabara yalikuwa wazi kwa joto. Nilimwona kuanzia kiunoni kwenda juu, na msimamizi aliyetoka shule nyingine akitembea nyuma yake. Chumba kizima, meza zote zile, watu wawili.

Alisoma karatasi muda mrefu. Kisha akaanza kuhangaika na ile stendi. Nilijua anafanya nini kwa kuangalia bega lake. Alikaza skurubu ya pembeni akiacha ile inayoshika fimbo, na makucha yote yakaporomoka na mrija, maji yakaruka. Akafuta meza kwa sketi. Akajaribu tena, ikaporomoka tena. Nilikuwa nimesimama bila kujijua, mikono yangu inazungusha hewa. Ni ile ya juu, mwanangu, ile ya juu. Mara ya nne aliisukuma stendi kando, akashika mrija kwa mkono wa kushoto na uma kwa mkono wa kulia.

Nikasikia uma ukiimba. Nikasikia sauti ikianza kuvimba, na akatingisha kichwa.

Alitingisha kichwa vile alivyozoea, kisha akakumbuka kwamba mrija anao yeye. Alitafuta rula, mrija ukazama. Akaanza upya. Kila mara alipofika pale sauti inapojaa, alitingisha kichwa na kugeuza uso upande wa kushoto, pale ninapokaa mimi. Msimamizi alimkaripia asigeukegeuke, kana kwamba palikuwa na mtu wa kumwibia majibu. Nililia pale kwenye benchi, mwalimu mzima, na karani akapita akajifanya hajaniona.

Kengele ilipolia alikuwa amepata uma mbili, na kipimo cha pili hakukiamini mwenyewe. Alikuja moja kwa moja niliposimama, sketi imelowa.

"Mwalimu," akasema, "mimi nimezoea ni wewe unashika."

Nikamwambia imekwisha, asiifikirie, bado ana karatasi mbili za kuandika. Akauliza kati ya zile skurubu tatu ni ipi ilikuwa ya kukazwa kwanza. Nikamwambia tutazungumza baadaye, akanywe uji. Hatukuzungumza baadaye.

Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata alikuwa amepita masomo mengi vizuri, Kiswahili kizuri, hesabu nzuri. Fizikia alipata D. Mwalimu mkuu hakunisuta. Aliniambia kwa upole kwamba tulikubaliana, nami nikasema ndiyo, tulikubaliana. Maabara ikawa ya biolojia na kemia. Vifaa vyetu vikaingizwa kwenye stoo, na mimi nikapewa hesabu madarasa yote. Alhamisi mchana nikawa na kidato cha kwanza, watoto hamsini wenye kelele.

Alikuja kuchukua cheti chake wakati wa mvua. Nilikuwa peke yangu chumba cha walimu nikisahihisha. Alibisha, akaingia na mfuko wa maparachichi aliyotumwa na mama yake aniletee, akauweka juu ya meza kwa mikono yote miwili. Alikuwa amesuka nywele. Nilimwuliza kuhusu chuo, akasema walimrudishia barua yake, alama ya somo moja tu ndiyo iliyokosekana. Sasa anaenda Mlolongo kwa mama mdogo wake mwenye hoteli ya madereva wa malori, atasaidia kupika mpaka aone mbele. Alisema hivyo bila kulalamika. Nilimwambia akae, akakataa, gari lilikuwa likimsubiri barabarani.

Akabaki amesimama, anashikashika mkono wa kiti. Kisha akasema lile alilokuja nalo.

"Mwalimu, nimekuja uniwie radhi. Wewe ulijitolea sana kwa ajili yangu. Ni mimi nimekufungia somo."

Lilikuwa pale mdomoni, lote. Stendi kabatini, msumari ukutani, Jumatano zote zile nilizokaa na kitabu nikitafuta pa kuuweka mkono wangu. Kulikuwa na watu wawili tu chumba kizima na hakuna wa kutusikia. Aliningoja, macho yake chini, na niliona jinsi jambo hilo lilivyomlemea njia nzima.

Nikamwambia, "Si neno. Nimekusamehe."

Akanishukuru, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo, akatoka mbio kuliwahi gari.